Tarehe Nyekundu za Kalenda Ninazochapa Kaloleni

Kuanzia Septemba, mtu akiingia dukani kwangu kuagiza kalenda, bei haimchukui muda. Kinachomchukua muda ni tarehe nyekundu. Karatasi ataikubali, ukubwa ataukubali, picha ya Mlima Meru atasema iko sawa, kisha atashika sampo, atavuta kiti na kuanza kupitia mwezi mmoja mmoja kwa kidole. "Hapa mbona hujaweka?" Au, kwa sauti ya juu kidogo: "Na hii, nani kasema ni sikukuu?"

Nina duka dogo la uchapaji Kaloleni, Arusha, si mbali na Makumbusho ya Azimio la Arusha. Mwaka mzima tunachapa kadi za michango ya harusi, vitabu vya risiti, mabango, lebo za asali. Miezi ya mwisho ni ya kalenda: SACCOS, shule, usharika, msikiti, wauza vifaa vya ujenzi, kampuni za utalii. Historia ya nchi hii nilifundishwa shuleni kama wengine, nikaikariri, nikafaulu, nikaisahau. Ninayoijua sasa nimeipata kwa watu waliobishana mbele ya meza yangu huku wakisubiri chenji.

Sikukuu zinazofuata mwezi ndizo zinazotunyima usingizi. Kalenda huchapwa Oktoba na Novemba, lakini Idd el Fitr ya mwaka unaofuata itajulikana usiku wa kuamkia siku yenyewe, mwezi ukionekana na BAKWATA, baraza kuu la Waislamu, ikitangaza. Sisi tunafuata hesabu, tunaweka nyekundu, na chini kwa herufi ndogo tunaandika "kutegemea mwandamo wa mwezi". Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko huu wa Januari hadi Desemba, kwa hiyo Idd inarudi nyuma kila mwaka na kuzunguka misimu yote. Mwaka 2000 ziliangukia Idd el Fitr mbili, moja Januari na nyingine Desemba. Mwaka 2033 itakuwa hivyo tena, na mzee wa msikiti mmoja ameshaniambia nijiandae, kana kwamba oda ya mwaka huo ni yangu tayari.

Mzee huyo hataki miezi ya Kiarabu. Anataka majina ya pwani, kuanzia Mfunguo Mosi na kuendelea, yakae kwa wino wa kijani chini ya kila tarehe. Maulidi kwake ni tarehe 12 Mfunguo Sita, Idd el Haj ni tarehe 10 Mfunguo Tatu. Binti anayenisaidia kwenye kompyuta ni Mmeru wa Usa River, Mlutheri wa kuzaliwa. Hakuwahi kuyasikia majina hayo. Sasa anamsahihisha mzee.

Pasaka nayo ni ya mwezi, ila wenzetu waliifungia hesabu zamani: Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi. Hakuna anayepanda juu ya paa kuangalia. Mchungaji mmoja hunipa tarehe za Pasaka za miaka mitano mbele, zimeandikwa nyuma ya bahasha ya sadaka.

Mwezi wenye msongamano ni Aprili. Tarehe 7 ni Siku ya Karume, aliyeuawa kwa risasi Zanzibar mwaka 1972. Tarehe 26 ni Muungano wa mwaka 1964. Katikati hapo mara nyingi huingia Pasaka, na miaka ya karibuni Idd nayo imepita palepale. Mwaka 2023 Ijumaa Kuu iliangukia tarehe 7 ileile ya Karume, na mwenye karakana mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alicheka mpaka akakaa chini: sikukuu mbili, mapumziko siku moja. Kwetu hakuna kusogeza. Sikukuu ikikuta Jumapili au ikikuta sikukuu mwenzake, imeliwa.

Halafu ipo tarehe 12. Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu, mwana wa Monduli, alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984. Kisheria si siku ya mapumziko, kwa hiyo kwenye kalenda zangu ilikuwa nyeusi kama siku nyingine yoyote ya kazi. Mteja kutoka Monduli aliweka kidole hapo na hakukiondoa.

"Dada, hii unaiachaje nyeusi?"

Nikamwambia sheria ya sikukuu za umma haiitaji. Akaniuliza barabara niliyopita asubuhi inaitwaje. Ni kweli, Barabara ya Sokoine nilikuwa nimeipita na daladala muda si mrefu. Tulikubaliana nyeusi iliyokolezwa, na jina lake chini. Tangu hapo ndivyo ninavyofanya kwenye kalenda zote za Arusha, mteja aombe asiombe, na hakuna aliyewahi kunirudishia.

Ukikaa sana na Aprili unaanza kuona kitu. Karume tunamkumbuka siku aliyouawa. Sokoine, siku ya ajali. Mwalimu Nyerere tunamkumbuka tarehe 14 Oktoba, siku aliyofia London mwaka 1999, wakati tarehe aliyozaliwa, 13 Aprili 1922, inapita bila mtu kuigusa, siku moja tu baada ya Sokoine. Yapo mataifa yanayoadhimisha kuzaliwa kwa viongozi wao. Sisi ni watu wa msiba. Kuzaliwa ni habari ya keki na ya nyumba moja. Msiba ndio unaofunga duka, unaopakia watu kwenye Coaster usiku, unaowafanya ndugu waliogombana wakae mkeka mmoja. Sidhani kuna aliyekaa mezani akapanga iwe hivyo. Imekuja kwa mazoea, na mimi naona inatufaa.

Desemba 9 ndiyo inayoleta maneno mengi zaidi, na yote ni kuhusu kile kimstari cha chini ya tarehe. Wateja wa ofisi huandika "Uhuru wa Tanzania Bara". Mwalimu mmoja mstaafu, anayechapa kalenda za kikundi chao cha kuzikana, huyakata maneno hayo kwa kalamu nyekundu kama anasahihisha insha na kuandika "Uhuru wa Tanganyika, 1961". Shule moja hutaka "Uhuru na Jamhuri", na wao pia wana hoja: mwaka ule wa kwanza mkuu wa nchi alibaki kuwa Malkia Elizabeth, na tulikuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, siku ileile mwaka mmoja baadaye, Nyerere akiwa rais. Mimi nachapa alichoandika mwenye oda. Lakini nikiulizwa, nasimama na mwalimu. Nchi iliyopandisha bendera usiku ule ilikuwa Tanganyika, Luteni Alexander Nyirenda aliwasha Mwenge juu ya Kilimanjaro kwa niaba ya Tanganyika, na kuyaandika hayo hakuvunji Muungano wowote.

Siku inayofuata, tarehe 10 Desemba, haina kitu chochote. Ndiyo siku Zanzibar ilipopata uhuru kutoka kwa Waingereza mwaka 1963, chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah. Siku 33 baadaye, 12 Januari 1964, yakaja Mapinduzi, na Mapinduzi ndiyo yaliyopewa nyekundu. Mpemba mmoja mwenye duka la vitambaa, kila akichukua kalenda zake, hupitisha kidole gumba juu ya ile 10, ananitazama, anakunja kalenda. Hajawahi kuniomba niongeze kitu.

Miaka mingi Desemba 9 kwangu ilikuwa siku ya kulala mpaka saa tatu na kusikiliza gwaride la Dar es Salaam redioni, kelele za amri na buti. Ninayoikumbuka vizuri ni ya 2015. Rais Magufuli alikuwa na mwezi mmoja na siku chache tangu aapishwe. Akafuta sherehe, akaelekeza fedha kwenye barabara, akasema watu wafanye usafi. Mabango ya Uhuru ya mteja mmoja yalikuwa yameshachapwa; oda ikasitishwa kwa simu na hela sijaiona mpaka leo. Asubuhi ile nilitoka na koleo. Mtaro wa mbele ya maduka yetu ulikuwa umeziba kwa chupa na matope, na watu ambao tulikuwa tunaitana kwa biashara zetu tu, "Wewe wa simu", "Mama Kitenge", tulishinda tukizoa uchafu na kutaniana. Mchana fundi viatu akanunua maandazi ya wote. Nimeshapumzika sikukuu nyingi za Uhuru. Hiyo ndiyo niliyoifanya.

Hapo ndipo nilipoanza kuzipima tarehe zangu kwa namna nyingine. Sheria inaweza kutoa mapumziko. Haitoi kazi ya kufanya siku hiyo, na siku isiyo na kazi yake inabaki usingizi na televisheni.

Chukua 5 Februari. Katika jengo ambalo sasa ni makumbusho, hatua chache kutoka kwangu, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa mwishoni mwa Januari 1967 na kupitisha Azimio la Ujamaa na Kujitegemea, lililotangazwa tarehe 5 Februari. Mwaka 1977, TANU na Afro-Shirazi zilipoungana kuwa CCM, walichagua tarehe ileile. Ilikuwa sikukuu ya taifa zima wakati chama kilikuwa kimoja. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, siku ya kuzaliwa ya chama kimoja haikuweza kuendelea kuwa ya watu wote, ikatoka. Leo kwenye kalenda ni nyeusi, wenye chama chao wanaiadhimisha, na sisi wa Kaloleni, mtaa ilikotoka, tunafungua duka saa mbili kama kawaida. Mabasi ya wanafunzi huja makumbusho siku yoyote ile. Wengine huingia kwangu kutoa fotokopi za maswali waliyopewa na mwalimu, na swali la tatu siku zote ni kutaja masharti ya uongozi.

Saba Saba imepita njia nyingine. Ni siku ilipoanzishwa TANU, 7 Julai 1954, nayo ilikuwa pia sikukuu ya wakulima. Kwa mantiki ya vyama vingi ingeweza kufa kama mwenzake wa Februari. Haikufa, kwa sababu ilikuwa na maonyesho. Watu wa Dar es Salaam walishazoea kwenda viwanjani Barabara ya Kilwa kununua sufuria na kuangalia mitambo, na mazoea hayo yakaibeba: leo ni siku ya biashara, wengi wanaokwenda hawana habari na TANU. Wakulima wakapewa tarehe yao, Nane Nane.

Na hapa kaskazini, Nane Nane ndiyo sikukuu ya taifa ninayoona watu wakiifanyia kazi kwa mikono. Viwanja vya Themi, Njiro, hupokea Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Julai yote duka langu ni la Nane Nane: vipeperushi vya mbegu, lebo za unga wa lishe, mabango ya vikundi vya akina mama wanaosindika maziwa, kadi za ng'ombe zenye jina, uzao na lita kwa siku. Wakulima hupanda vipando miezi kabla, ili wageni wakute mahindi yana magunzi na maharage yana maganda.

Nilikwenda na binti wa ofisini, tukidhani tunakwenda kuangalia kama mabango yetu hayajachanika. Tulisimama kwenye kipando kimoja cha mahindi zaidi ya tulivyopanga, kwa sababu ya mzee mmoja wa Ngaramtoni, koti la suti, buti za mpira, fimbo. Alikuwa ameomba ruhusa kumenya gunzi moja. Akalimenya polepole, akahesabu mistari ya punje kwa ukucha, akalizungusha, akahesabu tena.

"Shikamoo mzee," bwana shamba kijana akamsalimu.

"Marahaba. Mistari kumi na minne. Umetia mbolea mara ngapi?"

"Mara mbili, mzee. Ya kupandia na ya kukuzia."

"Na maji?"

Kijana akaanza kuzungumza habari za mvua za masika. Mzee akamkatiza: hapa Njiro kuna bomba, ameliona pale nyuma ya banda, amuonyeshe gunzi la mahindi ambayo hayakunyweshwa. Kijana akacheka, akakubali, akampeleka kipando cha pembeni ambacho wageni wengi hawafiki. Huko magunzi yalikuwa mafupi. Mzee akaridhika. "Haya ndiyo ya kwangu," akasema, akaandika jina la mbegu nyuma ya kipeperushi. Kipeperushi kilikuwa chetu. Binti akanipiga kumbo.

Hakuna hotuba iliyosikika pale tulipokuwa. Ilikuwepo, jukwaani, mbali. Huku chini mtu ananunua vifaranga, mwingine anamuuliza mfugaji wa mbuzi wa maziwa kama wanavumilia baridi ya Olmotonyi, watoto wanalamba ashkrimu. Ukiifuta Nane Nane kesho kwenye sheria, nadhani watu watakwenda Njiro hivyohivyo.

Muungano, tuseme ukweli, hauna Njiro yake. Wateja wanaipenda sana ile picha ya Mwalimu akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar. Kila mwaka naiweka Aprili kwa mtu fulani, na ni picha inayoeleweka kwa mtoto wa chekechea. Lakini muulize mtu wa Sakina alifanya nini tarehe 26 Aprili. Alifua. Ni siku ya jambo kubwa kuliko Nane Nane, siyo kidogo, na imeachiwa viwanja vya taifa na viongozi. Natamani hata ingekuwa desturi ya shule za huku kuandikiana barua na shule za Unguja na Pemba siku hiyo. Nimeshamwambia diwani mmoja. Akasema wazo zuri, akaagiza kadi zake za biashara.

Ninao pia mteja wa Namanga, mwenye duka la jumla, wateja nusu wa huku, nusu wa Kenya. Kalenda yake ina nchi mbili, nyekundu yetu na bluu ya wenzetu. Kupanga kwake kulinifunza kwamba majirani wanaweza kwenda kinyume kabisa. Katiba ya Kenya ya 2010 iliondoa jina la Kenyatta kwenye tarehe 20 Oktoba, ikawa Siku ya Mashujaa, ya wote. Tarehe 10 Oktoba, iliyokuwa ya Moi, imebadilishwa jina mara kadhaa, na kila likibadilika mteja ananipigia simu kabla sijachapa. Sisi wiki hiyohiyo ya Oktoba tunaweka jina la Mwalimu na kilele cha Mbio za Mwenge pamoja. Kenya Jumapili ikila sikukuu, Jumatatu inarudishwa. Vijana wa kupakia mizigo Namanga wameielewa hiyo vizuri kuliko mwanasheria yeyote.

Kalenda iliyonipa kazi kuliko zote ni ya nyumbani. Mimi ni wa Old Moshi, na ukoo wetu hukutana kila mwisho wa Desemba, watu wakiwa wamepanda kutoka Dar, Mwanza na Nairobi. Mimi ndiye wa kalenda, bila malipo bila shaka. Kwenye kikao kimoja, chini ya migomba, mbege ikiwa imeshazunguka, baba mdogo akasema anataka tarehe 2 Machi iwe nyekundu. Siku hiyo mwaka 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wetu, pamoja na wenzake, palepale Old Moshi. Inaaminika kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na familia yake imekuwa ikikidai. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba Berlin viliwapata ndugu wa baadhi ya mafuvu yaliyotoka huku, akiwemo Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwemo.

Bibi akaleta la kwake. Alisema yeye siku yake ilikuwa 10 Novemba, Siku ya Wachagga, enzi za Mangi Mkuu Thomas Marealle miaka ya hamsini. Kulikuwa na bendera, kulikuwa na wimbo, na yeye alivaa gauni jeupe akatembea na wenzake wa shule. Vijana walidhani anatania. Siku hiyo ilikuwa na kila kitu cha sikukuu ya taifa. Marealle akapoteza cheo mwaka 1960, umangi ukafutwa baada ya uhuru, na siku ikaondoka na wenye kuisimamia. Amebaki bibi na gauni.

Mpwa wangu, anayesoma uhasibu Moshi mjini, akauliza swali ambalo mimi ningeliuliza kama si adabu ya kumwacha baba mdogo amalize. "Sawa, tumeweka nyekundu. Siku hiyo watu wafanye nini?"

Kukawa kimya kidogo, kisha kila mtu na lake: ibada, ngoma, mbio, fulana. Hatimaye mama mkubwa, ambaye huwa hasemi vikaoni, akasema mfongo unaoshusha maji mpaka vihamba vya chini umeziba tangu mvua za mwaka juzi na wanaume wanaupita tu. Meli alikuwa mangi. Kazi mojawapo ya mangi ilikuwa kuwatoa watu wakasafishe mfongo. Basi.

Ndivyo ilivyochapwa. Mwezi Machi, nyekundu, na chini yake: "2 Machi 1900, Mangi Meli na wenzake. Jumamosi inayofuata saa moja asubuhi: mfongo. Jembe, panga, kila kaya mtu mmoja." Walioko Dar waliuliza kwenye kundi la WhatsApp kama mtu anaweza kutuma hela badala ya kuja. Baba mdogo akajibu kwamba anaweza, shilingi elfu hamsini, na akaniagiza mstari huo nao niuingize kwenye kalenda kabla sijachapa, kwa herufi zisizo ndogo.